Mkopo wa Uwanja wa Moto

Wifi yangu Ludwina alisomeshwa kwa mayai. Mama yake, Emeliana, ambaye ni mama mkwe wangu, alikuwa akiamka alfajiri, anajifunga nguo kiunoni, anatundika mkoba wake wa kufuma kichwani na kwenda Uwanja wa Moto nyuma ya kijiji, pale ambapo ardhi inafuka mvuke na kunuka kiberiti. Kuku wa porini hushuka kutoka msituni kutaga pale. Hawaatamii. Wanachimba shimo, wanataga, wanafukia na kwenda zao, na joto la ardhi linamaliza kazi. Sisi tunachimba baada yao. Kila ukoo una mashimo yake, na kwa watu wa Kololae ukoo ni wa mama, kwa hiyo mashimo ya Emeliana yalikuwa ya mama yake, na baadaye yangekuwa ya Ludwina. Unapiga magoti, unaingiza mkono mpaka begani, unapapasa ule mchanga wa moto mpaka vidole vigonge yai. Yai moja linajaza kiganja, na ndani karibu lote ni kiini. Emeliana aliyauza soko la Kimbe. Ndiyo yaliyolipa ada ya Ludwina katika shule ya masista, na ndiyo yaliyompeleka chuoni Lae.

Mimi si mzaliwa wa Kololae. Baba yangu alishuka kutoka milima ya Simbu akapewa shamba kwenye makazi ya wakulima wa michikichi, na huko nilizaliwa na kukulia, kila upande ninaotazama ni michikichi. Nilipoolewa na Kaspar, mdogo wake Ludwina, kilichonishangaza zaidi huku ni mto. Mto Lamo ulikuwa unaonyesha mawe ya chini. Wanawake walikuwa wakiosha vyombo na kuvua kamba papo hapo, wakiyanywa maji yale yale. Kaspar alinicheka nilipomuuliza kama ni salama.

Siku hizo benki ilikuwa kitu cha watu wa mjini. Ukitaka hata kufungua akaunti, unapoteza siku nzima kwenye foleni Kimbe, halafu unaambiwa urudi na barua ya padri. Mkopo ndio kabisa, hakuna aliyeuwaza. Kisha Benki ya Mavuno ikafungua tawi, na hiyo haikungoja watu waje. Ilitoka yenyewe vijijini, ikawafungulia wakulima akaunti kwenye simu zao, ikawakopesha kwa dhamana ya mavuno yatakayokuja. Mtu asiye na kitu ila ardhi akawa anakopesheka. Ludwina alikuwa amerudi kutoka Lae na shahada yake, akaajiriwa kuwa afisa mikopo ya wakulima. Akawa anapita na gari la benki, shati la kijani, nywele zimesukwa vizuri. Watoto wa kijiji walikuwa wakilikimbilia gari wakiita, "Shangazi benki! Shangazi benki!"

Vijiji vingine vilikopa upesi. Kololae ilikawia, kwa sababu ardhi yetu nzuri ilikuwa chini ya msitu, na msitu wenyewe ulianzia ukingoni mwa Uwanja wa Moto ukapanda mpaka milimani. Meneja wa tawi, Bwana Rarua, mtu wa pwani ya Moresby, kwenye mji mkuu, mcheshi, mpenda watu, alimtania Ludwina mbele ya wenzake kwamba ameshawishi mkoa mzima ila kwao. Ludwina alinisimulia utani huo mwenyewe, akicheka. Sikujua kwamba ulimkera.

Akaja siku moja, ukoo ukakusanyika. Alieleza vizuri, hakuna anayeweza kulikana hilo. Alisema kiwanda cha mawese kitatuma malori yake kuchukua mikungu ya chikichi, benki itatoa fedha za miche, mbolea na misumeno ya injini, marejesho yatakatwa humo humo kwenye mavuno, na hakuna atakayekuja kumnyang'anya mtu nyumba. Kila kaya itachukua mkopo wake mdogo. Alizungumzia mabati, matangi ya maji, ada za shule. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali kabla hajamaliza.

Mwenye usemi wa mwisho alikuwa mjomba Blasius, kaka yake Emeliana, mtunzaji wa ardhi ya ukoo. Alikuwa amekaa chini akitafuna popoo, hajasema neno tangu mwanzo. Alitema mate mekundu pembeni, akauliza jambo moja tu.

"Mwanangu, msitu ukikatwa, ndege wataenda wapi?"

Ludwina hakusita. "Ndege wana mabawa, mjomba. Sisi ndio hatuna."

Mkutano mzima uliangua kicheko. Hata mjomba Blasius alitabasamu, meno yake yote mekundu. Emeliana alimtazama binti yake jinsi mtu anavyotazama kitu alichokitengeneza kwa mikono yake na kikamshinda kwa uzuri. Kwa wiki nzima lile neno lilikuwa midomoni mwa watu. Mtu akiambiwa atoke njiani anajibu, "Nina mabawa mimi?" Jumamosi iliyofuata wazee wakaweka alama za vidole, vijana wakabonyeza simu zao, na misumeno ikaanza kulia.

Sitasema uongo kwamba tulilia msitu. Tulifurahi. Michikichi ilipoanza kuzaa, Kololae ilibadilika usoni. Nyumba zikaezekwa mabati, kila pembe ikawa na tangi. Kaspar alinunua jenereta, akawa anauza barafu. Binti yangu Tekla aliposhikwa na tumbo akapinda kama ndoano, nilibonyeza simu yangu pale pale barabarani nikapata mkopo, tukakodi gari, akafika hospitali akapasuliwa akapona. Zamani angekufa tukingoja mtu wa kutukopesha. Kwa hiyo mtu akiniambia benki ilituletea mabaya matupu, namwambia aje amtazame Tekla.

Lakini kuku wa porini walianza kupungua, na tuliliona hilo wote. Ndege wale hula msituni na kujificha msituni. Sasa, kufika Uwanja wa Moto, ilibidi wavuke michikichi mitupu, wakiwa wanatembea kwa miguu maana si warukaji wa safari ndefu, na humo walikutana na mbwa wetu na manati za vijana. Mto nao ukageuka. Mvua kubwa ikinyesha ulikuwa mwekundu kwa udongo. Jua likiwaka, mbolea tuliyomwaga mashambani ikaotesha utelezi wa kijani juu ya mawe. Kamba wakaisha. Tuliona kinyaa kuyanywa maji yale, tukawa tunakunywa ya tangi, na tangi likikauka tunanunua maji ya chupa kwa pesa za michikichi.

Emeliana hakuacha kwenda. Kila alfajiri mkoba kichwani, na mara nyingi alirudi nao mtupu. Ludwina akija kutusalimia na kumuuliza habari za mayai, mama alikuwa anajibu, "Yapo. Mwaka huu yamechelewa kidogo." Mwaka uliofuata jibu lilikuwa hilo hilo. Ludwina aliyajua macho ya mama yake. Akaacha kuuliza. Nilimwona mara moja amesimama peke yake darajani akitazama ule ukijani majini, ameshika funguo za gari. Nilipomwita, alianza kuzungumzia bei ya mbolea.

Kisha habari ikaja kwamba Kololae imeongoza mkoa mzima kwa kurejesha mikopo. Wakubwa wa benki walikuwa wanakuja kutoka Moresby kutupongeza, kupiga picha, na kutangaza kwamba Ludwina amepandishwa cheo awe msimamizi wa mikopo ya kisiwa chetu kizima. Kijiji kilipagawa. Tukachinja nguruwe, tukawasha tanuri la mawe, tukafungasha viazi na mboga zenye tui ndani ya majani ya ndizi. Emeliana alisema jambo moja tu: binti yake hawezi kusherehekewa kwenye ardhi yake mwenyewe bila yai la Uwanja wa Moto mezani. Tukamwambia, mama, nyama ipo ya kumwaga, kaa utulie. Akachukua mkoba wake akatoka. Tulijua anakokwenda, lakini mikono yetu ilikuwa imejaa kazi.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipogundua hajarudi. Niliacha majani niliyokuwa nayakata nikaenda kumtafuta. Kwenye mashimo ya ukoo wake hakuwapo. Nilisikia sauti ndogo kutoka upande wa juu, kwenye mashimo ya zamani ambayo watu waliyaacha kwa kuwa ni marefu na ya hatari. Zamani pale ukingoni palikuwa na miti mikubwa, mizizi yake imeshika udongo kama vidole. Miti ile ilikatwa ili safu za michikichi zinyooke. Emeliana alikuwa ameshuka ndani ya shimo moja, na ukuta wake ukamwangukia. Udongo ulimfukia mpaka kifuani, mkono wa kulia ukiwa chini humo, kwenye joto. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alikuwa akiita polepole, bila fujo, kama mtu anayeita jirani.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Nikaanza kufukua kwa mikono, na udongo ulikuwa unachoma. Wakaja Kaspar na wanaume wengine mbio, na nyuma yao Ludwina, katika shati lake la kijani lililopigwa pasi, maana magari ya wageni yalikuwa yameingia kijijini dakika ile ile. Hakuna aliyethubutu kutumia sepetu tusije tukamkata. Ludwina alijitupa kifudifudi akafukua kama mbwa. Kaspar ndiye aliyekuwa akisema, "Mama, usilale, mama, nitazame mimi," tena na tena. Tulipomtoa, ngozi ya mkono ule wa kulia ilibaki kwenye vidole vya Kaspar, ikibambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Wageni wa Moresby walikuwa wamesimama chini ya michikichi na maua yao shingoni. Siwalaumu. Mama mmoja miongoni mwao alikuja akamkinga Emeliana jua kwa mwavuli wake, na Bwana Rarua mwenyewe alikamata usukani, akaendesha gari la benki mpaka hospitali bila kujali mashimo ya barabara. Gharama za kwanza alizilipa kutoka mfukoni mwake. Watu wa namna hiyo ndio tuliokuwa nao, wala hawakuwa majambazi.

Madaktari walimwokoa. Mkono walisema utapona, ila vidole havitakunjika tena. Siku ya pili aliweza kusema. Ludwina alikuwa amekaa kando ya kitanda, kucha zake bado na udongo. Mimi nilikuwa upande wa pili na bakuli la uji.

"Nilikuwa nimeshalishika," mama alimwambia. "Lilikuwa zima, la moto. Ukuta ulipoanguka likanivunjikia mkononi. Nisamehe, mwanangu."

Ludwina alisimama akatoka nje. Nilimfuata. Barazani alikuwapo mjomba Blasius, ameletwa na lori la kiwanda, amekaa kwenye benchi na fimbo yake katikati ya magoti. Ludwina alikaa sakafuni mbele yake, si kwenye benchi, akasema anataka kulipa fidia. Atanunua nguruwe, atafute na mikufu ya simbi, ile fedha ya jadi, kwa wazee wa pwani, ailete mbele ya ukoo kwa desturi. Mjomba alimuuliza fidia ya nini, mtu ameanguka shimoni.

Ndipo alipoyatoa ya moyoni. Alisema benki ilikuwa na sheria yake: mkopo mkubwa wa kufyeka msitu hautolewi mpaka waje wakaguzi wa mazingira waukague kabla mti haujaangushwa. Msitu wetu ulikuwa mmoja, wa ukoo mmoja, na mkopo ulipaswa kuwa mmoja.

"Niliugawanya, mjomba. Kaya kwa kaya, kidogo kidogo, kila mmoja chini ya kiwango chao. Ili wasije."

"Kwa nini hukutaka waje?"

"Wangesema hapana."

"Ulijua hilo?"

"Nilijua. Nimelelewa pale. Nani angejua kunishinda?"

Muuguzi alipita na toroli lake, tukangoja apite.

"Na lile neno la mabawa," Ludwina akaendelea, sauti yake imeanza kukatika, "halikunijia pale pale. Nililitunga njiani, ndani ya gari. Nilijua utauliza habari za ndege. Nikatafuta neno la kuwachekesha, maana watu wakicheka hawaulizi tena."

Mjomba Blasius aliinua fimbo yake kutoka katikati ya magoti. Nilidhani atampiga kwa ile fimbo, na naamini Ludwina alikuwa anaitamani.

"Lilikuwa neno zuri," alisema hatimaye. "Nami nimelirudia kwa watu wengi."

"Niadhibu, mjomba. Niite mbele ya ukoo."

"Fidia hulipwa baina ya pande mbili. Wewe ni ukoo, mimi ni ukoo, mama yako ndani mle ni ukoo. Tuchinje nguruwe wetu, tujipe wenyewe, tule? Halafu upate usingizi?" Alijiinua kwa fimbo. "Hapana, mwanangu. Mimi nilikuwa mtunzaji, nikauliza swali moja nikanyamaza, kwa sababu nami nilikuwa nataka bati. Kila mtu abebe wake."

Akaingia ndani kumwona dada yake. Ludwina alibaki sakafuni. Nilikaa naye. Sisi ni mawifi, tumezoea kutaniana mpaka watu wanashangaa, lakini siku ile nilimshika tu mkono, nikaanza kumtoa udongo kwenye kucha.

Aliporudi kazini alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Rarua, akamwambia alivyofanya. Alitegemea angalau huyo atamfukuza. Bwana Rarua alifunga mlango, akamwambia kwa upole kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Matawi mengine yalifanya vivyo hivyo, ndiyo maana mikopo ilikwenda haraka. Kisha akamweleza jambo ambalo Ludwina alilijua lakini hakuwa amelitazama usoni: akipeleka taarifa makao makuu, mikopo yote ya Kololae itahesabiwa kuwa ilitolewa kinyume cha taratibu, na benki itadai salio lote kwa mpigo. Watakaoumia ni Kaspar, ni mjomba, ni wajane wa kijiji chake.

"Ukitaka kuutua huo mzigo wako," alimwambia, "utautua juu ya migongo yao. Fikiria kwanza."

Alifikiri mpaka akakonda. Mwisho hakupeleka taarifa. Alikikataa cheo, akaacha kazi, akarudi Kololae na mafao yake, na kwa fedha hizo akamaliza deni la shamba la mama yake, lile lililo kati ya mto na Uwanja wa Moto. Alimwomba ruhusa ya kuing'oa michikichi yake yote ili pawe msitu tena. Mama, mkono ukiwa bado kwenye bandeji, alisema, "Shamba ni lako, na lilikuwa lako tangu ukiwa tumboni. Mimi naliweza nini tena?"

Halafu akatujia sisi. Shamba letu limepakana na hilo. Kaspar alimsikiliza dada yake kwa heshima mpaka akamaliza, kisha hasira zikampanda.

"Dada, wewe ndiye uliyenipandisha juu ya mnazi. Nimepanda, nimefika kwenye nazi, ndio sasa unanikatia kamba ya miguuni? Wewe una shahada. Mimi nikishuka nakula nini?"

"Sijui," Ludwina alisema.

"Kule mkutanoni ulikuwa unajua kila kitu."

Nilimwona akilipokea lile kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa akiutegemea. Kaspar alijuta papo hapo, akatoka nje akajifanya anatengeneza jenereta. Ukweli ni kwamba nami nilikuwa upande wa mume wangu. Tekla alikuwa shuleni, na ada haisubiri msitu uote.

Kwa hiyo aling'oa peke yake. Aliwalipa vijana wawili wenye misumeno, wakaiangusha michikichi ikiwa na mikungu imeiva. Watu walikuja kutazama. Wengine walicheka, wengine walishika vichwa kwa uchungu wa kuona chakula kikitupwa. Wakampachika jina, Mama Magugu. Alipanda miche ya miti aliyoitoa milimani akiibeba mgongoni. Nusu ilikufa kwa jua. Akapanda tena. Nilipokuwa na nafasi nilikwenda kumsaidia kupalilia, na pole pole utani wetu ukarudi. Nilimwambia wifi yangu amesoma miaka yote ile ili aje ashindane na nguruwe kuchimba. Akacheka kidogo, kisha akainama akaendelea.

Jambo lililomtesa ni kwamba watu hawakuacha kumshukuru. Mjane mmoja, Hedwig, kila anapokutana naye humshika mkono na kumwambia, Mungu akubariki, nalala pakavu kwa ajili yako. Ludwina hujibu vizuri, huuliza habari za wajukuu. Halafu siku hiyo haongei tena mpaka jioni. Nilimshauri amwambie Hedwig ukweli. Akaniuliza, nimwambie nini, aezue bati?

Kuku wa porini mpaka leo ni wachache. Miti aliyoipanda inafika kifuani mwa mtu, mingine begani. Mjomba Blasius alisema wajukuu wa Tekla ndio watakaoiita msitu. Mjomba mwenyewe alifariki msimu wa mvua uliopita. Emeliana hukaa pale shambani asubuhi, mkono wake mgumu juu ya paja, akimwelekeza binti yake kwa kidevu wapi magugu yamebaki.

Mwaka huu benki ilituma afisa mpya, kijana mpole kutoka Rabaul. Kaspar anataka mkopo wa lori, na wa kufyeka ng'ambo ya mto ili lori lipate cha kubeba. Kijana alieleza, Kaspar hakuelewa vizuri mambo ya riba, na mbele ya watu wote akatuma mtoto amwite dada yake. Ludwina alikuja na udongo miguuni. Alikaa mkekani, akatueleza mchana kutwa. Alieleza riba, alieleza dhamana, alieleza mahali ambapo mkataba unambana mkopaji. Kisha akaeleza mto, mbolea na mizizi ya ukingoni, na akasema wazi kwamba mkopo huu nao umegawanywa vipande vidogo, ili wakaguzi wasije. Yule kijana wa Rabaul aliinamisha kichwa akachezea kalamu yake. Hakuna aliyecheka. Ludwina hakutafuta neno tamu hata moja.

Kaspar alimshukuru. Alisema ameelewa kila kitu, na akauchukua mkopo.

Lakini kabla ya kubonyeza simu alimwambia afisa kwamba kando ya mto hatafyeka, ataacha ukanda wa msitu upana wa kiwanja cha mpira. Kijana akauliza kama ni kwa ajili ya mazingira, maana siku hizi kuna mahali pa kuandika hilo. Kaspar akasema hapana, ni kwa ajili ya dada yangu.

Ludwina alitazama chini. Aliomba maji, nikampa. Akanywa, akasimama, akasema amemwacha mama juani, akarudi shambani.